Twende Kilioni

Kofia ya sufu ikilowa hunuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Juzi nilikuwa Same mjini, pale wanapomwaga mitumba, nikainua kofia moja ya rangi ya ugoro kutoka kwenye rundo. Muuzaji alikuwa amelinyunyizia rundo lake maji ili vumbi litulie, na ile harufu ikanipanda puani hata nikatafuta mahali pa kukaa. Akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia nimechoka tu. Sikumdanganya. Kuna uchovu nilioanza nao utotoni, na kofia kama ile ilikuwepo ulipoanza.

Naomba niwasimulieni taratibu, maana siku hizi hata kusimulia kunanichosha.

Nilizaliwa Vudee, juu milimani, ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi na nguo ikianikwa asubuhi huanuliwa jioni ikiwa na unyevu uleule. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na bibi mzaa baba. Baba alikuwa fundi wa magari kwenye mashamba ya mkonge huko chini, njia ya Korogwe. Mwanzoni alituletea sabuni, sukari na vitenge kwa mikono ya madereva waliopita Same. Ilikuwa miaka ya shida, ambayo mtu akipata sabuni aliifunga kwenye kitambaa na kuificha chini ya kitanda. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, maduka ya Same yakajaa vitu tena, nasi tukawa tunavitazama kupitia mlangoni. Katikati ya shida na ruksa, vifurushi vya baba vilikoma. Salamu zake nazo zikakoma. Hatukujua kama bado yuko kazini au kama bado yuko popote.

Kila Jumamosi bibi alinisuka. Shuleni walitaka nywele fupi, lakini likizo ikifika mama aliniruhusu kuzifuga, nami nilizifuga kwa majivuno yasiyo na kiasi. Bibi alijua mtindo mmoja tu, ile mistari myepesi inayolala kutoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni, inayoitwa twende kilioni. Ikiwa hukulelewa na wanawake, nikueleze: umepata habari ya kifo, unataka kwenda msibani ukiwa nadhifu na huna muda wa mapambo, basi unasukwa hiyo, haraka haraka, unaondoka. Nilimlalamikia bibi kwamba wenzangu wanasukwa mitindo ya maana, mimi kila wiki naenda kilioni. Alicheka akanibana kichwa kwa magoti yake. "Kaa ukijua kichwa chako kiko tayari," alisema. "Wenzako watakimbizana kutafuta kitana."

Jumamosi moja alikuwa ananifumua, nikasikia mikono yake imesimama. Nilidhani amesinzia. Nilipogeuka nilimwona ameshika mstari mzima wa nywele zangu, umesukwa vilevile, umetoka wote. Alidhani amenivuta vibaya. Aliukunjia kwenye pindo la kanga yake, akaendelea kufumua kwa vidole vya uoga, na kila alipogusa palibaki peupe. Nilipopeleka mkono nyuma ya sikio nilikuta duara laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Halikuuma wala kuwasha, na nadhani ndiyo maana liliniogopesha. Kidonda unajua cha kukifanya.

Kijiji kizima kilisema ni mapunye. Mtoto akinyonyoka nywele kwa mabaka ni mapunye, nani angebisha? Nilipakwa mafuta ya taa hadi nikakatazwa kusogelea jiko. Nilipakwa dawa ya rangi ya zambarau iliyobaki kwenye chupa ya jirani, nikaenda shule hivyo, na kabla ya kengele ya mapumziko nilikuwa nimeshapewa jina la Zambarau. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alihamia dawati la mbele bila kunitazama. Sikulia pale. Nililia nilipofika nyumbani na kukuta vinyweleo vimejaa kwenye kanga niliyolalia. Nilivikusanya kimoja kimoja, kwa imani ya kitoto kwamba kitu kikitunzwa hurudi mahali pake.

Mama akanipeleka hospitali ya Gonja. Kwa jiografia yetu hilo maana yake ni kushuka mlima wetu, kuzunguka kwa basi la Kihurio, kushuka njiani na kupanda mlima wa wenzetu. Tabibu alikuwa mtu mpole. Alinigeuza kichwa dirishani kwenye mwanga, akapapasa, akamwambia mama, "Haya si mapunye, na hayaambukizi. Mwili wenyewe umezikataa nywele. Zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi. Sina dawa ya kukupa itakayokusaidia."

Mama akachukua mfuko wake. Nadhani angefurahi zaidi kuambiwa ni mapunye, arudi na chupa mkononi. Njia nzima alishika mfuko wake mtupu mapajani, na tulipopanda Vudee alisimama mara nyingi kuliko kawaida yake, akisingizia viatu.

Ndipo ikaja kofia. Mama aliipata kwenye mitumba iliyoanza kumwagwa Same wakati ule, kofia nene ya sufu ya mtu mzima, iliyonifika nyusini. Milimani ilinifaa sana. Kwa baridi ya Vudee kila mtu anavaa kofia, hata mwinjilisti aliondoa ya kwake pale tu alipoanza kusali, kwa hiyo nikawa mtoto kama watoto wengine. Tatizo lilikuwa siku za soko. Mama aliuza maharage na ndizi Same, nami nilikuwa msaidizi wake likizo. Sasa wewe unaijua Same. Jua la pale halina utani. Kofia ya sufu Same ni kichekesho cha barabara nzima.

Tuliuzia karibu na Bi Zuhura, mama wa chapati na chai pale stendi, Mwislamu mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Madereva wote wa njia ya Tanga walikula kwake, na baba pia alikula kwake kila alipopita. Jasho lilipoanza kunitiririka shingoni akamwambia mama, "Jamani, mvueni mtoto hilo gunia, atapikika!" Akanivua mwenyewe kabla mama hajanyoosha mkono.

Mwanamke aliyekuwa anachagua maharage yetu aliyarudisha kwenye sinia akajifuta vidole. Mwingine akauliza kwa upole kama ni mapunye, na kama tunaishika ile bidhaa kwa mikono hiyohiyo inayonigusa kichwa. Mama alieleza. Alieleza kwamba hospitali wamesema hayaambukizi, kwamba mwili wenyewe umezikataa. Kila mteja aliyekuja alielezwa upya, na jinsi mama alivyoeleza zaidi ndivyo walivyozidi kusogea nyuma. Tulipanda mlima na mzigo wetu karibu wote. Mimi nilitembea nyuma yake nikiwa nimevaa kofia, nikiona aibu ya aina ambayo sikuwa na jina lake, aibu ya kumlemea mtu unayempenda.

Jioni ile mama aliniweka kwenye kigoda nje, akaleta wembe na maji ya moto. Bibi akatoka jikoni mbio. Lazima niseme hapa kwamba kwetu wakati ule kichwa cha kunyolewa upara kwa wembe kilikuwa na maana moja. Mtu akifa, wafiwa walinyolewa. Ukimwona mtoto kichwa kinang'aa ulijua nyumbani kwao wamezika, ukampa pole hata kama humjui.

"Unamnyoa mtoto na hatujafiwa?" bibi akauliza. "Unamwitia nani kifo?"

"Mama, nimechoka," mama akajibu. Hakuwahi kumjibu mama mkwe wake hivyo. "Bora wamwone kafiwa kuliko wamwone kaoza."

Bibi akarudi jikoni. Mama akaninyoa taratibu mabaki yote, yale mashada niliyoyatunza, mpaka kichwa kikawa kimoja. Wembe ulikuwa mkali na mikono yake ilikuwa na joto. Alipomaliza alinipaka mafuta, akakaa kidogo kiganja chake kikiwa utosini mwangu. Nilihisi nimepumzika, kwa mara ya kwanza tangu ule mstari ubaki mkononi mwa bibi. Hakuna kilichosalia cha kuanguka.

Soko lililofuata nilishuka bila kofia. Bi Zuhura aliponiona kichwa kizima kimenyolewa, mabaka hayaonekani tena, aliweka chini birika lake, akaja akamshika mama mikono yote miwili.

"Mama Nakiete! Poleni sana jamani. Poleni na msiba."

Nilimtazama mama, nikingoja aanze kueleza. Hakueleza. Alipumua kwa nguvu, akasema, "Asante. Tumeshapoa."

"Ni wa karibu?"

Mama akatazama barabara, upande ule yanakoelekea magari ya Tanga. "Wa karibu sana," akasema.

Bi Zuhura hakuuliza tena, kwa heshima. Alituletea chai na chapati, akakataa kulipwa. Wanawake wakaja kutupa pole, wakaondoka na maharage. Mmoja alinishika kichwa, kichwa kilekile, kwa mkono wake mzima, akasema, "Mungu atakutunza, mwanangu." Tulipanda mlima vikapu vikiwa vyepesi. Mama alitembea mbele na mimi nilitembea nyuma, nikiwa nimegundua jambo.

Baba amekufa.

Angalieni hesabu yangu ilivyokaa. Mama yangu hakuwa mwongo; alikuwa mzee wa kanisa, hata ndizi mbovu alimwonyesha mteja kabla hajalipa. Amesema wa karibu sana. Wa karibu tulikuwa wanne. Watatu tuko hapa. Na nywele zangu zilianza kuondoka vifurushi vya baba vilipokoma, kwa hiyo kichwa changu kilijua kabla yetu. Bibi alikuwa amekiandaa kila Jumamosi, twende kilioni, twende kilioni, nacho kikaenda peke yake.

Kwa nini mama hakusema nyumbani? Nikaona jibu mara moja: anamficha bibi. Mzee aambiwe mwanawe wa pekee amekufa, atabaki? Basi nami nikaamua kumficha bibi. Sikumuuliza mama chochote. Enzi zetu mtoto alikuwa na shikamoo na kuchota maji, maswali yalikuwa ya wakubwa. Nilibeba siri ile nikiwa na kichwa kitupu, na nawaambieni, uzito wake ulinisahaulisha hata nywele. Bibi akisali kabla ya ugali, akifika pale alipokuwa anamwombea mwanawe afya na kazi, nilikuwa namega tonge mapema ili nisisikie "amina". Alinipiga mkono kwa utovu wa adabu. Nilipigwa kila siku na sikujitetea.

Kila siku ya soko tulipewa pole mpya, na mama alijibu tumeshapoa. Nikajifunza kulisema. Mtu akinitazama kichwa namwahi: nimeshapoa. Neno lile liliwaridhisha watu, likawafanya waendelee na safari zao. Mimi ndani sikuwa nimepoa hata kidogo.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku niliyotumwa kukata majani ya mbuzi chini ya njia. Kofia niliiacha nyumbani kwa sababu ikilowa ilikuwa nzito. Mwanaume alikuwa anapanda njia ile, suruali imejaa tope hadi magotini, mfuko mdogo begani. Aliponiona alisimama. Akanitazama kichwa kwa muda mrefu, na uso wake ukaanza kuvunjika.

"Nakiete," akasema. "Mmezika lini?"

Majani yakanitoka. Nilitaka kukimbia, lakini utelezi haukuniruhusu. "Baba," nikamwambia, "si wewe ndiye uliyekufa?"

Sijui nani kati yetu aliogopa zaidi. Alinishika mabega, nikasikia harufu yake, grisi na jasho na tumbaku, nikajua maiti hainuki hivyo. Nikaanza kulia kwa sauti ambayo niliibana kwa majuma. Yeye aliendelea kuuliza, "Ni mama? Ni mama yangu?" nami nisiweze kujibu kwa kwikwi, basi akachukua kilio changu kuwa ndiyo. Akaniacha palepale na majani yangu, akapanda mlima akikimbia na kuteleza, nami nikamfuata nyuma.

Bibi alikuwa amekaa barazani anapepeta maharage. Alimwona mwanawe anaingia uani akibubujikwa machozi, amevua kofia. Hakuinuka.

"Shikamoo mama," baba akasema.

"Marahaba. Umekuja kunizika?"

Baba akapiga magoti kwenye tope. Akasema ameambiwa, madereva walimwambia, Bi Zuhura kawaambia nyumbani Vudee kuna msiba, wa karibu sana, mtoto amenyolewa. Amekuja akijua hatamkuta.

Bibi akapepeta mara moja zaidi, akapuliza makapi. "Kumbe njia unaijua," akasema. "Nikifa unaijua. Nikiwa hai imeota majani?"

Baadaye tulijua kwamba kazi ya baba ilikwisha siku nyingi, shamba lilipunguza watu, naye aliona aibu kupanda Vudee mikono mitupu, akawa anahangaika huku na huko akingoja kupata cha kubeba. Siku ile hakuyasema hayo. Alimgeukia mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi muda wote.

"Mama Nakiete, ulimwambia Zuhura nani kafa?"

"Sikumwambia mtu kafa," mama akasema. "Aliniambia pole, nikapoa." Akaingia ndani kuinjika chai.

Ningependa kuwaambieni kwamba mambo yalikaa sawa baada ya hapo. Baba alikaa hadi maharage yalipovunwa, kisha akashuka tena kutafuta. Akawa mtu wa kuja na kuondoka, kama nywele zangu. Zilirudi mwaka uliofuata, kwanza malaika, vile vinyweleo laini, vyeupe kabisa, bibi akafurahi kwamba sasa wazee nyumbani wamekuwa wawili. Zikawa nyeusi, akanisuka twende kilioni. Nikiwa msichana zikaondoka tena, zikarudi, zikaondoka. Madaktari wa mjini wamenipa jina la ugonjwa na sindano za kichwani, lakini hawajanipa neno lililozidi yale ya tabibu wa Gonja. Nimesuka, nimevaa wigi, nimefunga vilemba, nimekaa upara. Kinachochosha si upara. Kinachochosha ni kutumaini kila vinapochomoza vinyweleo, halafu kuvipoteza upya, na kuombwa na kila mtu ueleze.

Baba alifariki nikiwa mama wa watoto wawili, kwa ugonjwa, nyumbani Vudee, siku moja ya ukungu. Tulipomzika, mama mmoja wa ukoo, mshika desturi, alikuja na wembe na bakuli la maji kuwanyoa wafiwa. Alipofika kwangu akanifungua kilemba, akakuta kichwa kinang'aa. Ilikuwa ni ile misimu yangu. Alisimama na wembe wake asijue pa kuanzia. Wanawake wakatazamana.

Mama alikuwa amekaa mkekani, ameshanyolewa. Kwa mara ya kwanza niliona umbo la kichwa chake, nikaona ni kama changu.

"Huyo mwacheni," akasema. "Huyo alishanyolewa ya baba yake."

Hapo ndipo nilipoelewa alichomjibu Bi Zuhura akitazama barabara ya Tanga. Hakudanganya. Alikuwa na mtu wa karibu sana aliyempoteza, mtu anayepumua, na hakukuwa na desturi inayompa mwanamke kama yeye ruhusa ya kukaa chini apewe pole. Kichwa changu kilimpa ruhusa hiyo. Miaka yote nilidhani nilimlemea mama yangu kwa upara wangu, kumbe sokoni pale, kati ya sinia za maharage, tulilia pamoja msiba mmoja, yeye akijua na mimi nikikisia.

Nilisogea nikakaa karibu naye. Alinyoosha mkono akauweka utosini mwangu, kiganja kilekile chenye joto. "Pole," akaniambia. Sikuweza kumjibu nimeshapoa. Nikamwambia, "Pole na wewe, mama," naye akainamisha kichwa.